Kuezeka Upya Gereji ya Zamani Katika Eneo la Hifadhi Nchini England: Mwongozo Kamili wa Vibali na Kazi Yenyewe

Gereji nyingi zilizojengwa nyuma au ubavuni mwa nyumba za England kati ya miaka ya 1930 na ya 1970 ziliezekwa kwa mabamba ya mawimbi ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Mabamba hayo sasa yamechakaa: yameota ukoga, kingo zimemomonyoka, na maji yanapenya kwenye matundu ya misumari. Mwenye nyumba akimwita fundi, mara nyingi hupewa jibu jepesi kwamba paa la zamani litatolewa, jipya litawekwa, na kazi itakwisha kwa siku mbili. Katika mtaa wa kawaida huenda jibu hilo likatosha. Katika eneo la hifadhi, yaani mtaa ambao halmashauri imeutangaza rasmi kuwa una sura au historia inayostahili kulindwa, jibu hilo linaweza kumletea mwenye nyumba amri ya kurudisha paa kama lilivyokuwa, kwa gharama yake mwenyewe.

Maeneo ya hifadhi yalianzishwa na sheria ya mwaka 1967, na mji wa Stamford katika Lincolnshire ndio uliotangulia kutangazwa. Leo yako takriban 10,000 kote England, na yanasimamiwa na sheria ya mwaka 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa na maeneo ya hifadhi. Wengi wanaoishi ndani yake hawajui kwamba wamo, kwa sababu mpaka wa hifadhi hauna ukuta. Unaweza kupita katikati ya barabara, nyumba za upande huu zikawa ndani na za ng'ambo zikawa nje. Sheria ninazozieleza ni za England peke yake. Wales, Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, na anayeishi huko asichukue vipimo vya hapa akavitumia kama vilivyo.

Kanuni inayotawala shughuli yote ni hii: kukarabati paa kunakulindia haki uliyo nayo tayari, ilhali kubadilisha sura yake kunaweza kuhitaji kibali, na kubomoa gereji kwa nia ya kuijenga tena kunaweza kukuondolea haki hiyo kabisa. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya tofauti hiyo.

Hatua ya kwanza: Ijue gereji yako

Anza na ramani ya maeneo ya hifadhi kwenye tovuti ya halmashauri yako, na uhakikishe kwamba kiwanja chote, pamoja na sehemu inayosimama gereji, kimo ndani. Kisha tafuta anwani yako katika orodha ya taifa ya majengo yenye thamani ya kihistoria, ambayo hutunzwa na Historic England, shirika la umma la urithi wa kihistoria, na kusomwa bure na mtu yeyote. Ikiwa nyumba imeorodheshwa, gereji iliyokuwa imesimama ndani ya kiwanja chake tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948 kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo hilo. Hapo utahitaji idhini ya jengo lililoorodheshwa kwa kazi yoyote inayogusa hadhi yake ya kihistoria. Idhini hiyo haitozwi ada, lakini kufanya kazi bila kuipata ni kosa la jinai. Mwenye nyumba ya aina hiyo azungumze na ofisa uhifadhi wa halmashauri kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana mengi ya hatua zinazofuata hayatamsaidia.

Kwa wengine wote, chukua futi kamba na daftari. Pima urefu na upana wa gereji kwa nje, kimo cha ukingo wa paa na kimo cha kilele, ukianzia kwenye ardhi ya asili iliyo juu zaidi kando ya jengo. Pima pia umbali wa kila ukuta kutoka mpaka wa jirani. Andika kama gereji imeungana na nyumba au imejitenga, na kama iko nyuma, mbele au ubavuni mwa nyumba. Nafasi hiyo ya ubavuni ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani, na nitairudia.

Yamebaki mambo mawili ya kuulizia halmashauri. La kwanza ni kama mtaa wako una agizo la Ibara ya 4, ambalo halmashauri hulitoa ili kuondoa baadhi ya haki za kujenga bila kibali, na mara nyingi hulenga mapaa, milango na madirisha yanayoelekea barabarani. La pili ni kama kibali cha awali cha nyumba yenu kiliwekewa sharti la kufuta haki hizo. Anayeishi katika fleti ajue kwamba haki za kawaida za mwenye nyumba hazimhusu, na gereji zilizopangwa kwa safu nyuma ya mtaa, mbali na kiwanja cha nyumba, nazo hazimo.

Hatua ya pili: Kusanya ushahidi paa likiwa bado juu

Piga picha za paa kutoka kila upande, na hasa kutoka barabarani, uchochoroni na kwenye bustani za majirani kwa ruhusa yao. Piga picha za karibu pia: umbo la mawimbi ya bamba, kofia ya kilele, ukingo unaoning'inia juu ya ukuta, gata, na mbao za pembeni. Weka futi kamba juu ya bamba ndani ya picha. Wimbi kubwa la mabamba ya zamani lina takriban milimita 146 kutoka mgongo hadi mgongo, na wimbi dogo ni karibu nusu ya hapo. Kipimo hicho ndicho kitakachokuwezesha kuagiza bamba jipya linalofanana na lile, na ndicho kitakachokutetea endapo jirani atalalamika baada ya kazi kwamba paa limebadilika. Fundi akishalishusha paa, ushahidi huo haupatikani tena.

Hatua ya tatu: Tambua njia unayopita

Sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, katika kifungu cha 55, inasema kwamba matengenezo na maboresho yasiyogusa kwa kiasi cha maana sura ya nje ya jengo hayahesabiwi kuwa ujenzi wa kuombewa kibali. Hii ndiyo njia ya kwanza na bora zaidi. Jambo lisilo ujenzi machoni pa sheria haliwezi kuzuiwa na agizo la Ibara ya 4, wala na kule kuwemo ndani ya eneo la hifadhi, kwa sababu vyote viwili huzuia ujenzi na si matengenezo. Kutoa vigae vya udongo vilivyopasuka na kurudishia vya aina, rangi na ukubwa ule ule ni matengenezo. Kubadilisha papi zilizooza chini ya vigae hivyo ni matengenezo.

Swali gumu ni lini sura huhesabiwa kuwa imebadilika kwa kiasi cha maana. Mwaka 1996, katika shauri la Burroughs Day dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Bristol, lililohusu mabadiliko ya paa, Mahakama Kuu ilieleza kwamba kinachotazamwa ni sura ya jengo zima, na kwamba badiliko lazima lionekane na mtu aliyesimama mahali pa kawaida. Badiliko linaloonekana kutoka angani tu halitoshi. Kwa hiyo paa la bapa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi, likibadilishwa kutoka lami ya karatasi kwenda mpira wa EPDM, kwa kawaida halileti shida yoyote. Paa la mteremko linaloelekea barabarani, likibadilishwa kutoka sleti (vigae vyembamba vya jiwe) za kijivu kwenda bati la rangi, limebadilika bila ubishi.

Hapa niseme wazi na wasomaji waliokulia Afrika Mashariki, ambako bati ndilo paa la kila jengo na fundi huuliza geji tu, 28 au 30. Katika eneo la hifadhi la England, bati jipya la migongo ya pembe badala ya mabamba ya mawimbi ya mviringo ni sura nyingine kabisa, hata kama rangi imefanana. Usikubali kuambiwa kwamba "ni bati tu".

Njia ya pili ni haki ya kujenga bila kuomba, iliyomo katika Amri ya mwaka 2015 ya ujenzi ulioruhusiwa. Kwa gereji iliyojitenga inayotumiwa kwa mahitaji ya nyumba, kundi linalohusika ni E katika Sehemu ya 1, ambalo linaruhusu kujenga na pia kutunza, kuboresha au kubadilisha jengo la namna hiyo. Masharti yake makuu ni kwamba jengo liwe la ghorofa moja, ukingo wa paa usizidi mita 2.5, na kilele kisizidi mita 4 kwa paa la pande mbili au mita 3 kwa paa la aina nyingine. Jengo likiwa ndani ya mita 2 kutoka mpaka, kimo chake chote kisizidi mita 2.5. Jengo lisiwe mbele ya uso mkuu wa nyumba, na majengo yote ya ziada yasifunike zaidi ya nusu ya kiwanja. Katika eneo la hifadhi linaongezwa sharti zito: kundi E halitumiki kabisa ikiwa sehemu yoyote ya jengo iko kati ya ukuta wa ubavu wa nyumba na mpaka wa kiwanja.

Sharti hilo ndilo linalowapata wengi, kwa kuwa gereji nyingi za miaka ya 1930 zimewekwa papo hapo, mwisho wa njia ya gari ubavuni mwa nyumba. Mwenye gereji ya namna hiyo ana uhuru wote wa kukarabati paa lifanane na lilivyokuwa, lakini hana haki ya kubadilisha sura yake bila kibali. Mwenye gereji iliyo nyuma kabisa ya bustani, kwa upande mwingine, anaweza hata kubadilisha aina ya paa bila kuomba, ilimradi hajavuka vimo nilivyotaja na hakuna agizo la Ibara ya 4 linalomzuia.

Gereji iliyoungana na nyumba ni sehemu ya nyumba yenyewe, na mabadiliko ya paa lake huangukia kundi C, ambalo linaruhusiwa hata katika eneo la hifadhi, kwa sharti kwamba paa jipya lisitokeze zaidi ya sentimita 15 kutoka usawa wa mteremko wa awali na lisipite kilele cha paa la awali la nyumba. Kugeuza paa bapa la gereji hiyo kuwa la mteremko ni suala jingine. Katika hali nyingi liombee kibali.

Njia ya tatu ni kuomba kibali, nayo nitaifikia baada ya onyo moja.

Onyo kuhusu kubomoa

Hutokea kwamba paa likishatolewa, fundi anaona kuta zimepinda au matofali yamelegea, naye anashauri kwamba ni rahisi kuangusha yote na kuanza upya. Mwenye nyumba afikiri sana kabla ya kukubali. Kubomoa jengo lenye ujazo wa zaidi ya mita 115 za ujazo, kwa kipimo cha nje, ndani ya eneo la hifadhi bila kibali ni kosa la jinai pale pale, bila hata kusubiri amri. Gereji ya gari moja haifiki huko, kwa kuwa mita 3 kwa 6 kwa kimo cha mita 2.5 ni mita za ujazo 45 tu; lakini gereji ya magari mawili yenye paa la mteremko inaweza kukaribia sana, hivyo piga hesabu.

Hata pale ambapo kubomoa si kosa, hasara inabaki kwenye kujenga tena. Gereji mpya ni ujenzi mpya, na ikiwa ilikuwa ubavuni mwa nyumba, haki ya kundi E haiihusu. Jengo lililokuwa lako bila swali limegeuka kuwa ombi ambalo halmashauri inaweza kulikataa. Kwa hiyo andika katika mkataba na fundi kwamba kuta hazitaguswa, na kwamba akikuta hitilafu atasimamisha kazi na kukuita. Ukuta uliopinda unaweza kushikiliwa kwa viegemeo na kutengenezwa kipande kwa kipande, na kila kipande kikabaki kuwa ukarabati.

Hatua ya nne: Asbesto na swali la "kufanana"

Asbesto ya bluu na ya kahawia zilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Bamba lolote la saruji la mawimbi lililowekwa kabla ya mwaka 2000 lichukuliwe kuwa na asbesto mpaka maabara iliyoidhinishwa iseme vinginevyo. Kwa hiyo kurudishia kitu kile kile hakuwezekani kisheria, na hapa ndipo watu wengi huhitimisha vibaya kwamba, kwa kuwa cha zamani hakiruhusiwi, wako huru kuweka chochote. Sheria ya mipango haitazami kilichomo ndani ya bamba bali kinachoonekana. Yapo mabamba ya saruji yenye nyuzi zisizo asbesto, yanayotengenezwa kwa wimbi kubwa na wimbi dogo vile vile kama ya zamani, na ukichagua wimbi linalolingana na ulilopima, katika rangi ya kijivu ya asili, una hoja imara kwamba sura haikubadilika. Mabamba hayo mapya hung'aa kidogo mwanzoni na hufifia kadiri mvua na ukoga vinavyoyazoea. Kwa maoni yangu hilo ndilo chaguo la kwanza la kufikiriwa kwa gereji ya kawaida, kwa sababu halileti uzito mpya juu ya kenchi za zamani na linaweza kukuepusha na ombi zima.

Kutoa mabamba ya zamani ni kazi inayosimamiwa na kanuni za asbesto za mwaka 2012. Saruji ya asbesto iliyo katika hali nzuri huwekwa katika kundi la kazi zisizohitaji leseni maalumu, lakini mafundi wanaoifanya lazima wawe wamefunzwa, na HSE, mamlaka ya afya na usalama kazini, imetoa maelekezo ya kina. Hatari ya kwanza wala si vumbi: mabamba hayo huvunjika ghafla chini ya mguu, na wengi wameanguka kupitia paa la namna hii. Mtu asikanyage paa kamwe. Kazi ifanywe kutoka kwenye jukwaa la chini, ndani ya gereji, au kutoka kwenye ubao uliowekewa tegemeo lake. Bamba lilowanishwe kwa mnyunyizo mwepesi wa maji yenye sabuni. Misumari na boliti zikatwe au zifunguliwe, zisivutwe kwa nguvu mpaka bamba likapasuka. Bamba lishushwe likiwa zima, lisitupwe, na lifungwe katika tabaka mbili za nailoni nzito ya unene wa mikroni 250 yenye alama ya asbesto. Wanaofanya kazi wavae barakoa ya daraja la FFP3 na ovaroli za kutupwa. Mashine ya maji ya shinikizo isitumiwe hata kwa kuondoa ukoga tu, na sakafu isifagiliwe ikiwa kavu.

Uchafu huo ni taka hatarishi. Halmashauri nyingi hupokea kiasi fulani cha asbesto kutoka kwa wakazi katika vituo maalumu kwa miadi; ulizia kwanza idadi ya mabamba. Ukimwachia fundi, hakikisha amesajiliwa kwenye mamlaka ya mazingira kama mbebaji wa taka, na umdai hati ya usafirishaji inayoonyesha mabamba yaliishia wapi. Sheria inamtaka mwenye nyumba achukue hatua za kuridhisha kuhakikisha taka zake zinakabidhiwa kwa mtu aliyeidhinishwa, na mabamba yakikutwa yametupwa porini, swali litakuja mlangoni kwako.

Hatua ya tano: Uchaguzi wa paa pale unapotaka kubadilisha

Wapo wanaotaka kuiboresha gereji kwa kuiezeka kama nyumba, kwa sleti au vigae, na halmashauri mara nyingi hulipokea wazo hilo vizuri, maana sheria inaitaka itilie maanani ya pekee kulinda au kuboresha sura ya eneo. Lakini angalia mteremko kwanza. Vigae bapa vya udongo vya kienyeji vinahitaji mteremko wa digrii 35 au zaidi. Gereji iliyoezekwa kwa mabamba huwa na mteremko mdogo sana kuliko huo. Ili vigae vikae, kilele lazima kiinuliwe, na kikiinuliwa kwenye gereji iliyo karibu na mpaka, kinapita mita 2.5. Sleti hustahimili mteremko mdogo zaidi, ila bado si wa bamba. Uzito nao huongezeka mara kadhaa, na kenchi za gereji nyingi hazikutengenezwa kwa mzigo huo. Mhandisi wa majengo azikague.

Ukinunua sleti zilizokwisha kutumika, ambazo mara nyingi ndizo zinazolingana na mtaa, zijaribu moja moja: ishike kwa vidole viwili na uigonge kwa kifundo cha kidole. Sleti nzima hulia kwa sauti safi, iliyopasuka hutoa mlio mfu. Zifungwe kwa misumari ya shaba, kwa kuwa ya chuma huoza kabla ya sleti yenyewe, na ndiyo sababu kubwa ya sleti kuteleza kwenye mapaa ya zamani.

Hatua ya sita: Pata jibu la maandishi

Kama unaamini kazi yako ni matengenezo au imo ndani ya haki ya kundi E, unaweza kisheria kuianza bila kumwuliza mtu. Sikushauri kufanya hivyo katika eneo la hifadhi. Barua pepe ya ofisa mipango inasaidia kuelewa msimamo wao, lakini maoni hayo hayaifungi halmashauri. Kinachoifunga ni cheti cha uhalali wa ujenzi, kinachoombwa kabla ya kazi chini ya kifungu cha 192 cha sheria ya mipango miji ya mwaka 1990, kwa nusu ya ada ya ombi la kawaida. Hapo halmashauri haiulizwi kama inalipenda paa lako. Inaulizwa kama sheria inaliruhusu, na picha na vipimo vya hatua ya pili ndivyo ushahidi wenyewe.

Kama kazi inahitaji kibali, wasilisha ombi la mwenye nyumba kupitia Planning Portal, tovuti ya kupelekea maombi ya vibali. Utahitaji ramani ya mahali ya kipimo cha 1:1250, mchoro wa kiwanja wa 1:500 au 1:200, na michoro ya kuta na paa, ilivyo na itakavyokuwa, ya 1:50 au 1:100. Ada hupandishwa mara kwa mara, hivyo soma kiwango cha siku unayolipa. Ambatisha pia taarifa ya urithi, ambayo kwa gereji haihitaji kuzidi kurasa mbili. Nimeona maombi mazuri yakidhoofishwa na taarifa zilizonakiliwa kutoka kwingine. Soma tathmini ya eneo la hifadhi iliyochapishwa na halmashauri yako, utafute mtaa wenu unasemwa nini, kisha uandike kwa maneno ya wazi: gereji ilijengwa lini kwa kadiri ya ushahidi uliopo, inaonekana kutoka wapi, paa la sasa linachangia nini au linaharibu nini, na paa jipya litafanana na lipi kati ya mapaa ya jirani.

Ombi likishasajiliwa, majirani hujulishwa, tangazo hubandikwa, na watu hupewa siku 21 za kutoa maoni. Muda wa kawaida wa uamuzi ni wiki 8. Kibali kikitoka, kisome mpaka mstari wa mwisho, kwa kuwa kinaweza kuwa na sharti la kuonyesha sampuli ya sleti kabla ya kuanza, na kuanza bila kulitimiza ni sawa na kuvunja kibali. Ukikataliwa, una wiki 12 za kukata rufaa kwa wakaguzi wa mipango wa taifa, na rufaa haina ada. Ila mara nyingi ni busara zaidi kumwuliza ofisa ni nini kingemridhisha, kisha kuomba upya.

Hatua ya saba: Popo, miti na jirani

Popo hupenda nafasi nyembamba chini ya kofia ya paa na nyuma ya mbao za pembeni. Wanalindwa kisheria, na mahali wanapolala hulindwa hata wakati hawamo. Ukiona vinyesi vidogo vyeusi vinavyosagika kuwa unga kati ya vidole, simamisha kila kitu na upige simu kwa Bat Conservation Trust, shirika la kuhifadhi popo linalotoa ushauri. Uchunguzi wa popo wakitoka jioni hufanywa kati ya Mei na Septemba, kwa hiyo anayegundua jambo hili Oktoba anaweza kusubiri miezi mingi. Viota vya ndege vinavyotumika navyo havigusiki. Msimu mkuu ni Machi hadi Agosti.

Matawi yanayofunika gereji yana sheria yake. Ndani ya eneo la hifadhi, mti wenye shina la kipenyo cha zaidi ya milimita 75, ukipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, haukatwi wala haupogolewi kabla ya kuipa halmashauri taarifa ya wiki 6. Fundi anayepanda na msumeno asubuhi ili apate nafasi ya kuweka ngazi anaweza kumtia mwenye nyumba hatiani kabla hata ya kugusa paa.

Gereji ikishiriki ukuta na ya jirani, na kazi ikihitaji kukata au kuinua ukuta huo, sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inadai notisi ya miezi 2 kwa jirani. Mpelekee barua mwenyewe na umweleze. Hakikisha pia ukingo mpya na gata havivuki mpaka na maji hayamwagiki kwake.

Hatua ya nane: Kanuni za ujenzi

Kibali cha mipango na kanuni za ujenzi ni milango miwili tofauti. Kupita mmoja si kupita wa pili. Gereji iliyojitenga yenye sakafu isiyozidi mita za mraba 15, isiyo na mahali pa kulala, haiguswi na kanuni za ujenzi. Ya hadi mita za mraba 30 pia haiguswi, ikiwa ni ya ghorofa moja na haina mahali pa kulala, mradi iwe angalau mita 1 kutoka mpaka au imejengwa kwa sehemu kubwa kwa vitu visivyoshika moto. Iliyoungana na nyumba haina msamaha huo: paa jipya likizidisha mzigo kwa zaidi ya asilimia 15, uimara wa kenchi lazima uthibitishwe kwa mkaguzi wa majengo.

Hatua ya tisa: Faili la nyumba

Tangu tarehe 25 Aprili 2024, halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua dhidi ya ujenzi usio na kibali, badala ya ile 4 ya zamani kwa kazi za aina hii. Wakili wa mnunuzi naye atauliza kuhusu mabadiliko yaliyofanywa pindi nyumba itakapouzwa. Weka pamoja picha za kabla na baada, cheti au kibali pamoja na michoro yake, barua ya kuridhia sampuli, majibu ya maabara kuhusu asbesto, hati ya usafirishaji wa taka, notisi ya jirani na stakabadhi ya mabamba au sleti inayotaja aina na rangi. Nakala moja ikae kwenye karatasi, nyingine kwenye kompyuta, na fundi asilipwe sehemu ya mwisho ya fedha zake mpaka hati ya taka iwe mkononi mwako.